Kimya cha Kalamu

12 Februari

Kwako mwanangu Swichi,

Habari za huko, na habari za masomo? Mimi sijambo. Mguu tu unanisumbua asubuhi, ukishapata joto unatulia. Natumaini nawe u mzima na kwamba unakula, si kuonja.

Barua yako ya Januari niliipata. Nimeisoma mara tatu nikitafuta umejificha wapi ndani yake. Unaniambia bweni limepakwa rangi, mwenzako wa chumba anakoroma, mvua imenyesha. Ukurasa mzima, na hakuna waya hata mmoja! Zamani barua zako kwa baba yako zilikuwa na michoro mpaka pembeni, naye akizigeuza juu chini na kuniita, "Mama Swichi, njoo uone mwanao anavyoandika lugha ya wadudu." Huo uhandisi wa umeme na kompyuta umekwisha, au umeamua kunificha?

Hapa nyumbani situlii. Ni miezi minne tangu tumzike baba yako na nimeshahamisha kitanda mara tano. Kikiwa dirishani naona mwanga mwingi, kikiwa pembeni naona nimebanwa. Nikikaa kibarazani nahisi kuna kitu nimekiacha ndani, nikiingia ndani nasahau nilichofuata. Juzi nilikuwa nafagia uwanja kwa mara ya pili kabla ya saa nne, Koki akatokea na spana zake begani. Unamjua rafiki wa baba yako huyo, kwa kuwa ni fundi bomba anadhani kila kitu duniani kinahitaji kukazwa tu. Akaniambia, "Shemeji, ukizidi kufagia hapa utalifikia bomba la maji, na leo nimechoka." Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Aliniomba koleo la marehemu. Sikumpa. Mkoba wa kazi bado uko pale pale, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Leo nimekumbuka alivyokupa jina. Ulikuwa na miezi minane. Unalia, unanyamaza, unalia tena, bila sababu yoyote. Akakuinua akakuangalia chini ya kwapa, akasema, "Huyu ana swichi mahali, ila sijaiona." Mimi pia mpaka leo sijaiona. Basi niambie mwenyewe, mwanangu, nini kimekuzima.

Mama yako


3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na mguu. Mimi ni mzima wa mwili, na kula nakula.

Umeniuliza, basi sina tena pa kujificha. Tangu muhula uanze nimeingia maabara ya umeme mara moja tu. Siku nyingine natoka bwenini na daftari, nazunguka majengo, napanda ngazi hii nashuka ile, mpaka kipindi kiishe. Nimeshajua kila mlango wa chuo hiki kwa nje.

Siku hiyo moja mwalimu wetu, mama mfupi anayening'iniza miwani kwa kamba, alituambia tuzime umeme wa meza zetu na kuhakikisha waya hauna kitu kabla ya kuugusa. Wenzangu wakachukua mita. Mimi mkono wangu ulikwenda wenyewe, kwa mgongo, kama wa baba. Unakumbuka alivyogusa kila kitu kwa mgongo wa mkono, birika, paji la uso wangu nikiwa na homa, waya. Alikuwa akisema ukigusa kwa kiganja umeme unakukunja vidole ukaushika wewe mwenyewe, lakini ukigusa kwa mgongo mkono unaruka.

Mwalimu akapiga kelele, "Wewe! Nani kakufundisha ujinga huo?"

Nikasema, "Baba."

"Na bado yu hai?"

Alikuwa anatania, mama. Hakujua. Darasa zima likacheka, nami nikaweka daftari chini nikatoka.

Sasa nikwambie lililo chini ya hilo. Ile testa ya kalamu, ya kupimia umeme, nilimletea baba mimi, nilipomaliza mwaka wa kwanza. Nilijiona nimeelimika. Nikamwambia, "Baba, achana na mgongo wa mkono, hayo ni mambo ya zamani. Sogeza ncha ya kalamu kwenye waya. Kukiwa na umeme itawaka na kulia. Ikikaa kimya, shika." Alinicheka, halafu akanitii.

Koki alinisimulia siku ya mazishi. Baba alikuwa darini akitengeneza umeme kwa mwenye nyumba aliyewaita, Koki yuko chini na bomba lake. Baba alizima swichi kubwa. Akasogeza kalamu, kisha akaita kutoka juu, "Kimya!" Unaijua lugha yake, waya wenye umeme "unaongea", usio na umeme "uko kimya". Akaushika kwa kiganja kizima. Kumbe nyumba ile ilikuwa imevuta waya mwingine kutoka nyumba ya pili na hakuna aliyemwambia. Kalamu ilipaswa kuongea, mama. Haikuongea. Ningemwachia mgongo wa mkono wake, angeruka, angetukana kidogo, angerudi nyumbani.

Nimeambatanisha fomu ya kuacha kozi. Nataka kuhamia ualimu wa hesabu, chaki haijamrusha mtu. Inahitaji saini ya mzazi na mwisho wa kuirudisha ni tarehe thelathini Juni. Tafadhali saini. Na barua hii usimwonyeshe Koki.

Mwanao,
Swichi


14 Machi

Kwako Swichi,

Salamu nyingi. Mguu unaendelea vizuri.

Nimepata barua yako na hiyo fomu. Sijasaini. Nimeiweka chini ya kopo la sukari isiruke na upepo.

Si kalamu yako, mwanangu. Nakuambia mimi. Usijitese bure, rudi darasani. Na yule mwalimu usimchukie, mtu hawezi kujua msiba wa mwenzake kama hajaambiwa.

Nina neno lingine, lakini leo mkono umechoka. Nitaliandika. Kitanda nimekirudisha dirishani.

Mama yako


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mimi sijambo.

Unajuaje kwamba si kalamu yangu? Hukuwepo. Hata Koki hakuona, alisikia tu. Usinifariji kama mtoto aliyeanguka, ukapiga sakafu ukasema sakafu mbaya. Kama huna la kunionyesha, saini fomu uirudishe.

Jana nimevaa viatu kwenda maabara. Nimefika mlangoni nikasoma tangazo la mlangoni lote, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji, halafu nikarudi.

Mwanao,
Swichi


9 Aprili

Kwako mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Ukiwa umesimama, kaa kwanza.

Unakumbuka televisheni yetu haina vitufe. Fundi aliyetengeneza televisheni za mtaa mzima, ya kwake ilikuwa ya kuwashwa kwa rimoti tu, kila siku "kesho nitaifungua". Siku moja kabla ya msiba, mchana, alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi, viatu hajavua. Televisheni inapiga kelele, watu wa mpira. Nilitaka kupunguza sauti apumzike. Rimoti ikagoma. Nikaipigapiga kiganjani, ikagoma. Nikakumbuka kalamu yako inatumia betri kama zile, ndogo, mbili. Nikafungua mkoba wake polepole ile zipu isilie. Nikatoa betri za kalamu nikaziweka kwenye rimoti. Na zile za rimoti, zilizochoka, nikaziweka kwenye kalamu. Kwa nini sikuiacha tupu? Nimejiuliza swali hilo mpaka nimelichosha. Niliona kitu cha mtu hakirudishwi kitupu. Basi, ni hilo tu.

Nikapunguza sauti. Akalala vizuri, hata akakoroma kidogo. Nilisema akiamka nitamwambia. Alipoamka akaomba maji, tukaongea habari ya paa linalovuja, nikasahau. Asubuhi akatoka na mkoba.

Si kalamu yako iliyokaa kimya, Swichi. Ni mimi niliyeinyamazisha. Nilikuona unalia kaburini nikadhani unalia kama sisi wote, kumbe ulikuwa unajihukumu kwa kosa langu, nami nimenyamaza miezi yote hiyo. Koki hajui. Hajui mtu.

Tangu siku ile sijaigusa rimoti. Televisheni iko kabatini, na rimoti juu yake, na betri zake ndani.

Nakutumia kalamu kama Koki alivyoirudisha na mkoba, sijaifungua. Na fomu nimeisaini, kwa sababu uliniomba mara mbili na mimi sina tena uso wa kukukatalia kitu. Lakini nakuomba usiiache kozi yako kwa kosa ambalo si lako.

Ukitaka kunijibu kwa ukali, jibu. Nitausoma.

Mama yako


6 Mei

Kwako Swichi,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo.

Nimemuuliza mwenye gari niliyempa kifurushi kama kilifika, anasema ulikipokea kwa mkono wako na ukasaini. Basi najua umesoma.

Nimehamisha kitanda mpaka chumba chako, kisha nikaona si haki, nikakirudisha. Koki kapita. Kaniuliza, "Shemeji, mtoto anasemaje?" Nikamwambia yuko na mitihani. Akasema, "Mitihani gani hiyo ya mwezi mzima, anajenga bwawa?"

Kama fomu umeshaipeleka, niambie tu. Sitasema kitu.

Mama yako


28 Mei

Mwanangu,

Nimekununulia soksi, nilikumbuka miguu yako hupata baridi. Nitakutumia ukinijibu.

Nimeshaelewa. Mtu akinyamaza hivi amekwisha kusema.

Mama


17 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa kila siku niliyokaa bila kuandika. Mimi ni mzima. Mguu vipi?

Hukuelewa, mama. Na si kosa lako, ni langu. Ulisoma kimya changu kama baba alivyosoma kile cha kalamu, ukadhani kina maana moja. Ukweli ni kwamba wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Niliandika barua tatu, mbaya, nikazichana. Baada ya hapo hasira ikaisha, ila nikawa sitaki kukuandikia mpaka niwe na jibu la kweli, si la kufariji. Nilidhani unajua kwamba nipo. Kumbe ungejuaje?

Nilikwenda maabara. Nilisimama mbele ya yule mwalimu nikamwambia baba yangu hayuko hai, nikamweleza na sababu. Alivua miwani, akasema, "Nisamehe, binti yangu." Halafu akavuta kiti cha pili akasema, "Haya, ilete hiyo kalamu tuipime."

Betri zote mbili zimechoka, rimoti isingewaka kwa hizo. Lakini kalamu ni mlaji mdogo kuliko rimoti. Tulisogeza ncha yake kwenye waya wenye umeme mara ishirini. Iliwaka mara kumi na saba, kwa mwanga hafifu, bila kulia. Mara tatu haikuwaka kabisa. Mwalimu akaniambia nisishike namba hizo sana, maana betri iliyokaa miezi hupungua yenyewe, na siku ile huenda zilikuwa na nguvu zaidi. Huenda kalamu iliwaka na jua lililopenya kwenye vigae likamficha mwanga. Huenda ilikuwa moja ya zile tatu. Hatujui, mama, na hatutajua.

Ninalolijua ni hili. Kabla ya kuuamini waya ulio kimya, unaijaribu kwanza kalamu kwenye waya unaoongea, kisha unarudi kuijaribu tena. Wote hapa wanafundishwa hivyo, mwaka wa pili. Mimi nilimpa baba kalamu mwaka wa kwanza. Na mwenye nyumba alijua waya wake wa pili. Na baba mwenyewe aliamini upesi kwa kuwa ililetwa na mwanawe. Nimejaribu kuligawa kosa hili kama hesabu, upande wako na upande wangu, na haligawanyiki. Nimechoka kuligawa. Ulitaka alale, mama. Nami nilitaka awe salama.

Usiku mzuri wa kulala bado sina, lakini mchana nimepata cha kufanya. Tatizo la kalamu ile ni kwamba ikiwa nzima na hakuna umeme, inakaa kimya, na ikiwa imekufa, inakaa kimya vile vile. Kimya kimoja, maana mbili. Kwa hiyo natengeneza yangu. Ndani ina kompyuta ndogo kama ukucha, niliyoiandikia programu mwenyewe. Ikiwa nzima inagonga tik, tik, tik, muda wote. Ikikutana na umeme, inapiga ukelele. Ikinyamaza, maana yake usiniamini, mimi mwenyewe siko sawa. Mwalimu ameniuliza, "Nani kakufundisha kuuogopa ukimya?" Nikasema, "Mama." Safari hii hakuna aliyecheka.

Mchoro wa kwanza niliuchora nyuma ya ile fomu. Ilikuwa karatasi iliyokuwa karibu. Sasa imejaa lugha ya wadudu pande zote, na saini yako katikati, hata nikitaka hawawezi kuipokea.

Nakutumia moja ya zile za majaribio. Iweke mezani tu. Mwambie Koki asithubutu kupanda nayo darini, bado haijapimwa. Inakula betri upesi, hiyo ndiyo shida ninayopambana nayo muhula huu.

Na tangu leo nitakuandikia kila wiki. Nikikosa habari nitaandika "nipo" basi.

Mwanao,
Swichi


5 Julai

Kwako mwanangu Swichi,

Nimefurahi kupata salamu zako. Mimi sijambo kabisa, na mguu nao umenisahau. Soksi zimo humu ndani.

Kidude chako kimefika. Nimekiweka juu ya kabati, karibu na picha ya baba yako. Siku mbili za kwanza kilinikera, nikakifunika kwa kitambaa. Siku ya tatu nilikuwa uani, nikajikuta nasikiliza kama kinagonga. Koki alipokuja akatega sikio akasema, "Shemeji, una saa isiyo na mishale?" Nikamwambia ni yako, umeitengeneza kwa mikono yako, na nikamweleza inavyofanya. Alivua kofia. Halafu nikamweleza na lile la betri, lote. Aliketi pale mlangoni. Akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshika ngazi, shemeji, nikaiachia niende kufungua koki." Kumbe naye ana lake. Tukanywa chai. Alipoondoka nilimpa koleo.

Barua zako mbili za "nipo" nimezipata. Ya pili ulisahau kuweka sahihi, lakini nilijua ni wewe.

Juzi, kama saa tisa mchana, nilikuwa nakunja nguo nikahisi nyumba imebadilika. Kidude kimenyamaza. Zamani ningeanza kuhamisha kitanda. Nilikwenda nikakifungua kama ulivyoeleza kwenye karatasi. Betri mbili, ndogo. Duka liko pale ng'ambo, lakini nilisimama mbele ya televisheni, nikachukua rimoti, nikazitoa zile zake. Za kalamu yako, mwanangu. Nilizoazima bila kusema. Nikaziweka humo.

Kinagonga sasa hivi ninapoandika. Sijui zitadumu siku ngapi, lakini nimezirudisha, na safari hii nimesema.

Kitanda kiko dirishani, nadhani ndipo kitakapokaa. Somea waya zako. Ukigusa kitu, anza na mgongo wa mkono hata kama una mita, mwalimu akikaripia mwambie ni salamu tu. Na huko maabara, kikigonga mezani kwako kama hiki kinavyogonga kwangu, unikumbuke.

Mama yako